Jibu: Vyumba vya juu baridi, nifunge pampu kubwa? USIFUNGE

USINUNUE hiyo pampu. Mkuu unasema vyumba vya juu havipati joto, fundi kakwambia ufunge pampu kubwa, halafu unauliza na dawa ya kuzuia maji yasigande na kama ung'oe bomba za shaba uweke za plastiki. Hayo mengine yasubiri. Nimesoma chai ikanipoa mkononi, maana huyo ni mimi wa mwaka juzi kabisa.

Nipo Minnesota, boila (mashine ya kuchemshia maji ya kupasha joto nyumba) iko besmenti, ina pampu yake, halafu kuna pampu ya vyumba vya chini na pampu ya vyumba vya juu. Juu baridi. Nikaita jamaa, kashuka ngazi hata koti hajavua, kagonga bomba kwa bisibisi, "pampu yako ndogo". Hakupima kitu, hata tochi hakuwasha. Dola 640 zikaenda. Juu kukapata moto siku mbili hivi, kisha chini kukapoa na vituko vikaanza, themostati (swichi ya joto) ya juu nimezima lakini usiku rejeta za juu, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto, zinaunguza, mke wangu anafungua dirisha na nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Mama mkwe kwenye simu akasema nyumba isomewe dua. Nikamwita tena yule jamaa, unajua kasema nini? Tuifanye na ya chini kubwa, zilingane!! Nami nikalipa. Msinicheke, nilikuwa napiga shifti za usiku.

Kumbe shida ni tii mbili tu, yaani viungio vya bomba vyenye umbo la T. Pale mzunguko wa boila unapokutana na mzunguko wa nyumba kuna tii ya kutokea na tii ya kurudia, na zangu ziliachana futi mbili, katikati elbo (viungio vya kona) mbili na valvu juu yake. Sasa maji yakisukumwa na pampu ya boila yanafika tii ya kwanza yanakuta njia ya mbele nzito, basi mengine yanakata kona yanapanda juu hata kama pampu ya juu imelala. Hao ndio majini wa mama mkwe. Na pampu kubwa ikaharibu zaidi: boila inapitisha galoni 8 kwa dakika, nyumba inavuta 12, hizo 4 zinatoka wapi? Ni maji yaliyorudi yameshapoa, yanageuza kinyumenyume kati ya zile tii yanajichanganya na ya moto. Boila inatoa nyuzi 180 za Farenhaiti, rejeta zinapata 173 hivi. Yaani nimenunua pampu mbili za kunipozea maji yangu mwenyewe.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi nilikuwa nao watatu. Dawa ni kuwatenganisha: tii zibanwe ziwe karibu karibu, kati ya moja na nyingine isizidi mara nne ya upana wa bomba, bomba la inchi 1 basi inchi 4, na katikati USIWEKE KITU, si valvu, si elbo, si hata geji. Kwa bomba hilo hilo la inchi 1, kabla ya tii ya kwanza acha bomba lililonyooka inchi 8, baada ya ya pili inchi 4. Hapo inakuwa kama kipilefti, maji ya boila yanazunguka zao, anayetaka kutoka anatoka kwa pampu yake na hamsukumi mwenzake. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, kanikatia bomba akaunga upya kwa asubuhi moja, akaongeza na valvu za kuzuia maji yasipande yenyewe, na zile pampu zangu kubwa akazing'oa akarudisha NDOGO. Zipo kwenye shelfu gereji, anayetaka aje achukue.

Bomba za plastiki sijui ulitaka kujua nini, nitarudi nikipata muda. Ila leo kabla hujalipa mtu shuka besmenti, fuata bomba kutoka kwenye boila mpaka uzione tii zako, weka rula pale kati upige picha, uitundike hapa.