Kihusishi Mwishoni mwa Sentensi: Ni Kosa la Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Dodoma. Mwanafunzi wangu aliandika katika insha yake, "This is the village I come from," nami nikapiga mstari mwekundu, kwa kuwa nilifundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haimalizwi kwa kihusishi, yaani neno kama "from" au "on". Siku ya pili akaniletea riwaya ya mwandishi Mwingereza, akanionyesha sentensi tatu za namna hiyo katika ukurasa mmoja. Nilikosa la kumjibu. Je, kanuni ile imefutwa?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kanuni hiyo haikufutwa kwa sababu hapakuwahi kuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuitunga wala ya kuifuta. Ufaransa ina Akademia yake ya lugha tangu mwaka 1635. Uingereza haikuwahi kuwa na chombo kama hicho, ingawa mwandishi Jonathan Swift alipendekeza kianzishwe mwaka 1712. Kwa hiyo tunapotaja kanuni za Kiingereza tunachanganya mambo mawili. Liko lile ambalo wazungumzaji wenyewe hulifuata bila kufundishwa: hakuna Mwingereza, msomi au asiyesoma, anayesema "I sat the chair on." Na yako mapendekezo ya waandishi wachache, yaliyonakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu mpaka yakachukuliwa kuwa sheria. Katazo ulilofundishwa ni la aina hii ya pili.

Mtu anayetajwa sana katika asili yake ni mshairi John Dryden. Mwaka 1672 aliuchambua uandishi wa mtunzi wa tamthilia Ben Jonson, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, akamlaumu kwa kuacha kihusishi mwishoni mwa sentensi, na papo hapo akakiri kwamba kosa hilo ameliona hata katika maandishi yake mwenyewe. Baadaye, alipoichapa upya mwaka 1684 insha yake ya mwaka 1668, alizipitia sentensi za namna hiyo na kuzipanga upya. Dryden alikulia katika elimu ya Kilatini, lugha ambayo kihusishi hutangulia nomino yake, na hata jina la Kilatini la kihusishi lina maana ya kitu kilichowekwa mbele. Kwa wasomi wa zama zake Kilatini ndicho kilichokuwa kipimo cha lugha iliyonyooka. Lakini Kiingereza ni lugha ya jamii ya Kijerumani, na kuacha kihusishi nyuma kulikuwa desturi yake karne nyingi kabla Dryden hajazaliwa.

Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alichapisha sarufi yake mwaka 1762. Wengi humtwika lawama ya katazo hili, nami naona wanamwonea. Alichosema ni kwamba mtindo huo umeenea katika mazungumzo na unafaa maandishi ya kawaida, bali kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi mazito. Tena sentensi yenyewe aliyoieleza tabia hiyo ya Kiingereza ameimaliza kwa "inclined to." Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, aliyachukua maneno hayo katika sarufi yake ya mwaka 1795, akaigeuza sentensi ya Lowth ili kihusishi kisibaki mwishoni. Kitabu cha Murray kilienea mno katika shule za Uingereza na Marekani. Ndivyo ushauri wa mtindo ulivyogeuka katazo la darasani. Mwaka 1926 H. W. Fowler, mwandishi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia uandishi wa ovyo, aliliita katazo hilo ushirikina.

Mwanafunzi wako anaweza kulielewa jambo hili kwa lugha yake mwenyewe. Sisi husema "kiti nilichokalia" na "kisu nilichokatia nyama": uhusiano baina ya tendo na kitu tumeufunga ndani ya kitenzi kwa kauli ya kutendea, wala hatuoni kuwa kuna kitu kimeachwa kinaning'inia. Mwingereza anaposema "the chair I sat on," naye ameuacha uhusiano huo karibu na kitenzi, ila kwa neno linalojitegemea.

Ninalolihofia ni madhara ya ule mstari mwekundu. Mtoto aliyetishwa asimalize sentensi kwa kihusishi hukiondoa tu, akaandika "This is the house I was born," na hapo ndipo lilipo kosa la kweli, kwa sababu sentensi imepungukiwa. Mrudishie alama zake, Mwalimu. Kisha mfundishe kwamba katika barua rasmi anaweza pia kuandika "the village from which I come," ajue kuwa ana njia mbili na kila moja ina mahali pake.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Niko kidato cha tatu, Kilifi. Katika nyimbo za Wamarekani nasikia "I don't have nothing." Mwalimu anasema vikanushi viwili hufutana kama katika hesabu, kwa hiyo mwimbaji amesema kwamba anacho kitu. Mbona kila anayemsikiliza anaelewa kuwa hana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sikio lako limesikia vizuri. Katika Kiingereza cha karne ya 14 kurundika vikanushi lilikuwa jambo la kawaida la kutia mkazo. Mshairi Geoffrey Chaucer, akimsifu shujaa wake kwamba hajapata kumtolea mtu yeyote maneno machafu, alitumia vikanushi vinne katika sentensi moja. Mtindo huo ulikuwa umeanza kuachwa na watu wenye elimu kabla Lowth na wenzake hawajaandika kwamba vikanushi viwili hubatilishana, lakini ulibaki katika lahaja nyingi, kikiwemo Kiingereza cha Wamarekani weusi, ambacho kina utaratibu wake kamili. Kifaransa, Kihispania na Kirusi huvipanga vikanushi hivyo hivyo katika lugha sanifu. Hata wewe ukisema "sikumwona Asha wala Juma," hakuna anayepiga hesabu akahitimisha kwamba ulimwona Juma. Ni kweli kwamba "hakuna asiyejua" maana yake ni kuwa wote wanajua, lakini hapo kila kikanushi kina kitenzi chake.

Hata hivyo, mtihani hupima Kiingereza sanifu, na katika Kiingereza sanifu cha leo utaandika "I don't have anything." Andika hivyo bila kusita, ila usimdhanie mwimbaji kuwa hajui lugha yake.

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi jijini Mwanza. Mkuu wangu hukataa "Every applicant must sign their form" kwa hoja kwamba "their" ni ya wengi, akataka niandike "his." Waombaji wetu wengi ni wanawake. Nifanye nini?

JIBU: Dada, "they" kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia imeandikwa tangu karne ya 14, na Shakespeare na Jane Austen waliitumia. Wanasarufi wa karne ya 18 ndio waliosisitiza "he," na Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 1850 kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yawahusu wanawake pia. Umoja na wingi navyo si hoja nzito, kwa maana "you" nayo ilikuwa ya wengi kabla haijachukua nafasi ya "thou," na leo hakuna anayelalamika. Sisi wenye "kila mwombaji atie sahihi fomu yake" hatukuwahi kuhangaika na jinsia. Kama mkuu wako bado hataki, andika "All applicants must sign their forms," ambayo hata yeye hawezi kuipinga.