Majibu ya shule Aprili 16: kubalini kwanza, halafu piganieni mnayoitaka

Mdogo wangu uliyeuliza kuhusu nafasi ya mwanao darasa la awali, pole sana na kusubiri. Umesema mnaishi mashariki ya London, kijana anatimiza miaka minne Julai, mliomba shule tatu kabla ya Januari 15, na usingizi umeshawatoka. Baba yake anasema msipopata shule ya kwanza mtakataa nafasi yoyote mtakayopewa, ili halmashauri ijue hamna mchezo. Nawe unauliza kama hiyo ni njia nzuri, na kama kuna mtu wa kumwona kabla majibu hayajatoka.

Wanangu watatu wote wamepitia utaratibu huu hapa hapa London, na nimesindikiza wenzetu wengi, wengine kwa kuwatafsiria. Kwa hilo la baba yake jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linaumiza familia zetu kila mwaka. Nafasi yoyote mtakayopewa ikubalini, hata ikiwa ni ya shule ambayo hamkuiandika kabisa na jina lake hamjawahi kulisikia. Halafu siku hiyo hiyo anzeni kuipigania ile mnayoitaka. Mambo haya mawili hayagongani.

Nianze na hilo la mtu wa kumwona. Hayupo, na msipoteze pesa wala heshima yenu kumtafuta. Nyumbani tumezoea mtoto wa miaka mitatu anafanyiwa usaili, anaulizwa rangi na tarakimu huku mama yake anatoka jasho nje ya mlango, na shule ikijaa basi anatafutwa anayejuana na mwalimu mkuu. Huku kanuni za udahili zinakataza shule ya serikali kumsaili mtoto au mzazi ili kuamua nani aingie. Zinakataza pia kuangalia kipato cha mzazi au kumwomba mchango. Mwalimu mkuu akikupenda namna gani, hana nafasi ya kukupa mkononi. Na kwa wale mnaoogopa mambo ya viza: uraia au aina ya kibali cha mzazi si sababu ya shule ya serikali kumnyima mtoto nafasi.

Kinachoamua ni vigezo, na vilishachapishwa kabla hamjajaza fomu. Mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye mpango wake rasmi unaitaja shule kwa jina lazima aingie. Wanafuata watoto wanaolelewa na halmashauri au waliowahi kulelewa nayo. Baada ya hapo shule nyingi huangalia sababu nzito za kiafya au kijamii, kisha wenye kaka au dada pale shuleni, kisha umbali wa nyumba. Shule za dini zina vigezo vyake, na mara nyingi fomu ya ziada ambayo mchungaji au padri anatakiwa kuitia saini.

Kuna uvumi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ukiandika shule moja tu watalazimika kukupa hiyo. Si kweli. Shule haijui umeiweka ya ngapi. Inawapanga waombaji wake wote kwa vigezo, halafu halmashauri inaangalia zile ambazo mtoto wako amefuzu na inakupa ile uliyoiweka juu zaidi. Hapa London fomu ina nafasi ya shule sita, kwa hiyo mdogo mtu atakapofika zamu yake zijazeni zote. Halmashauri nyingi za nje ya London zinatoa nafasi tatu.

Mtego mwingine unaowakamata watu wetu ni ule wa nasari. Jirani yangu mmoja, mama kutoka Tanga, mwanawe alikuwa nasari ndani ya uzio wa shule ile ile, anavaa sweta lile lile, mwalimu anamjua hadi chakula anachokipenda. Akaambiwa na mtu wa pale pale kwamba asiwe na wasiwasi. Aprili akapewa shule nyingine. Kwetu mtoto akiwa chekechea ya shule fulani anapanda moja kwa moja, lakini huku nasari na darasa la awali, risepsheni kama wanavyoliita, ni maombi mawili tofauti. Kama kijana wenu yuko nasari ya shule mnayoitaka na mmeijazia fomu ya Januari, sawa. Msihesabu tu kwamba nasari peke yake itamvusha.

Kabla ya Aprili 16 kuna kazi ndogo ya kufanya ambayo ina faida kuliko kukaa na wasiwasi. Ingieni kwenye akaunti mliyoombea muone kama nywila bado inafanya kazi. Tazameni jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Kama mmehama tangu Januari, wajulisheni sasa na mpeleke bili ya kodi ya halmashauri au mkataba wa nyumba. Na tafadhali msitumie anwani ya shangazi anayekaa karibu na shule. Wanakagua, na wakigundua wanaweza kuifuta nafasi hata mkiwa mmeshapewa. Angalieni pia kama mahali pa ndugu aliyeko shuleni pamejazwa. Hilo nitalirudia chini, kwa sababu liliwahi kumliza rafiki yangu.

Majibu ya London hutoka jioni, baada ya saa kumi na moja. Halmashauri za miji mingine huanza kutuma asubuhi, nyingine usiku wa manane, kwa hiyo mkisikia wifi yako wa Leicester ameshapata yake msidhani nyinyi mmesahaulika. Barua pepe wakati mwingine huangukia kwenye taka, lakini mkiingia kwenye akaunti mtaona jibu. Tarehe 16 ikiangukia wikendi au sikukuu, inasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Mjue pia kwamba kwa England nzima zaidi ya asilimia 90 ya watoto hupata chaguo la kwanza la shule ya msingi. Na London ya sasa si ile niliyoombea mimi mtoto wangu wa kwanza. Watoto wanaozaliwa wamepungua, kuna shule zimeunganishwa na nyingine zimefungwa kwa kukosa wanafunzi. Kwa hiyo hofu yenu naielewa, ila uwezekano uko upande wenu.

Sasa tuseme haikuwa hivyo. Binti yangu mkubwa alipewa shule ambayo hatukuiandika, ya mabasi mawili, na nyumbani kwetu maneno yalikuwa yale yale anayosema mumeo. Mume wangu alikuwa ameshaandika barua ya kukataa, bado kuituma tu. Nilipiga simu halmashauri kabla hajaituma. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, akanisomea polepole: nyumba yenu iko mita 812 kutoka shule mliyoitaka kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, na mtoto wa mwisho aliyepewa kwa kigezo cha umbali yuko mita 690. Sijui niseme vipi jinsi tarakimu zile zilivyonituliza. Siku zote tangu jibu litoke nilikuwa nikifikiri ni jina letu, au ni lafudhi yangu siku tuliyokwenda kuitembelea ile shule. Kumbe ni mita.

Nikamuuliza: tukikataa itakuwaje? Akasema halmashauri ikishampa mtoto nafasi imetimiza wajibu wake. Mkikataa, ile nafasi anapewa mwingine, na nyinyi hampandi hata hatua moja kwenye orodha ya shule mnayoitaka, kwa sababu orodha haiangalii nani ana nafasi na nani hana. Mkikubali, hamshuki. Haki ya kukata rufaa pia inabaki vile vile. Yaani kukataa hakununui chochote. Kunamwacha tu mtoto bila shule Septemba. Mwonyeshe baba yake sehemu hii, na umwambie anayeandika ana mume aliyeshika kalamu ya kukataa na leo anashukuru hakuituma ile barua.

Tukakubali, tukaomba kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Hapa msikisie: baadhi ya halmashauri zinakuweka zenyewe kwenye orodha za shule zote ulizoziweka juu ya ile uliyopewa, nyingine lazima uombe, na kuna shule zinazosimamia orodha zao zenyewe. Ulizeni. Na kwa kuwa mliandika tatu tu, ulizeni pia kuhusu kuongezwa kwenye orodha za shule nyingine za karibu.

Orodha hiyo inapangwa kwa vigezo vile vile, si kwa aliyetangulia kuomba. Ndiyo maana mnaweza kuwa wa tano leo na wa saba wiki ijayo: kuna familia imehamia mtaa wa shule, au mtoto mwenye dada pale ameomba kwa kuchelewa. Sisi tulishuka kabla ya kupanda, na siku tuliyoshuka nililia. Lakini orodha zinasogea. Zinasogea mwezi Mei, muda wa kujibu unapokwisha na wale waliokwenda shule za kulipia au waliohama wanaachia nafasi zao. Zinasogea tena Julai shule zinapokaribia kufunga, na wiki za kwanza za Septemba kuna majina yanaitwa na mtoto hayupo. Kisheria shule inatakiwa kuitunza orodha angalau hadi Desemba 31.

Sisi tulipigiwa simu mwishoni mwa likizo, Agosti, kwamba nafasi imepatikana kwenye shule tuliyoitaka, tukapewa muda mfupi wa kujibu. Sweta la ile shule ya mabasi mawili lilikuwa tayari kabatini, la kijani, lina nembo, halijavaliwa. Tulimpa mtoto wa jirani, mama wa Tanga niliyemtaja, ambaye mwanawe alikuwa akienda pale. Huyo naye aliitwa baadaye kutoka kwenye orodha ya shule yenye nasari ile, akasema asante, mtoto ameshazoea, tubaki. Mwanawe anaendelea vizuri sana. Kwa hiyo hata shule msiyoitaka nendeni mkaione, mkutane na mwalimu, msome ripoti nzima ya wakaguzi. Tangu Septemba 2024 wakaguzi wa Ofsted, idara inayokagua shule, wameacha kuipa shule ya serikali neno moja la jumla, na mimi nimelifurahia hilo, maana watu walikuwa wanaisema shule vibaya kwa neno hilo tu. Na sare zenye nembo subirini kwanza. Suruali na mashati ya supamaketi yanatosha hadi Agosti ipite.

Rufaa ipo, na ni haki yenu, ila ieleweni kabla ya kuitegemea. Sheria ya 1998 iliweka ukomo wa watoto 30 kwa mwalimu mmoja kwa madarasa ya wadogo, kuanzia risepsheni hadi mwaka wa pili. Darasa likishajaa 30, jopo linalosikiliza rufaa haliwezi kumwongeza mtoto kwa kuwa tu mzazi anafanya zamu za usiku au shule iko mbali. Linaangalia mambo machache: je, vigezo vilikuwa halali, je, vilitumika sawasawa, je, uamuzi ulikuwa wa kupindukia kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu angeufikia?

Rafiki yangu alishinda hapo, nami nilikuwa kando yake nikitafsiri. Mwanawe mdogo alinyimwa nafasi kwenye shule ambayo kaka yake yuko mwaka wa tatu. Watoto hao ni wa mama mmoja na baba tofauti, wanaishi nyumba moja, lakini kila mmoja anabeba jina la baba yake. Halmashauri ikaona majina mawili yasiyofanana na haikumhesabu kama ndugu, ingawa vigezo vyake yenyewe vilitaja ndugu wa mzazi mmoja wanaoishi pamoja. Mama alipeleka vyeti viwili vya kuzaliwa vyenye jina lake na barua ya daktari inayoonyesha anwani moja. Hakuongea mengi, wala hakulaumu mtu. Jopo la watu watatu likauliza maswali mafupi, na uamuzi ukaja kwa barua: mtoto aingie. Familia zetu nyingi ziko hivyo kwa majina, kwa hiyo kama kijana ana ndugu shuleni hakikisheni hilo limeandikwa wazi. Muda wa kupeleka rufaa ni siku zisizopungua 20 za shule tangu mpate jibu, na tarehe ya mwisho itakuwa kwenye barua.

Mengine kwa ufupi. Kwa kuwa amezaliwa Julai atakuwa mdogo kuliko wengi darasani. Kisheria shule si lazima hadi muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano, kwa hiyo mkishapata nafasi mnaweza kuomba aanze kwa nusu siku, au achelewe kidogo ndani ya mwaka huo huo, nafasi ikimsubiri. Mkipewa shule ya mbali na hakuna ya karibu yenye nafasi, mtoto wa chini ya miaka minane akiwa zaidi ya maili 2 ana haki ya usafiri wa bure. Waliofika nchini baada ya Januari 15 waombe leo hii. Watashughulikiwa baada ya waliowahi, lakini kila siku inahesabika. Na kwa ndugu mwingine aliyeuliza kutoka Glasgow, Uskoti ina utaratibu wake: mtoto ana shule ya eneo lake, na mkitaka nyingine mnapeleka ombi kabla ya Machi 15 na kujibiwa kufikia Aprili 30.

Jibu likitoka, mdogo wangu, bonyeza kukubali kwanza. Kisha piga simu uulize vitu viwili: umbali wa nyumba yenu kama walivyoupima, na umbali wa mtoto wa mwisho aliyepewa nafasi kwenye ile shule ya kwanza. Viweke hapa bila kutaja jina la mtoto wala anwani, na tuliopitia halmashauri hiyo tutakuambia kama orodha yake huwa inasogea au kama rufaa ina mguu wa kusimamia.