Pawasaplai yenye PFC na UPS: kwa nini kompyuta inazima umeme ukikatika

Mkuu, umesema pawasaplai yako ya zamani ilikuwa inaenda vizuri na UPS (kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) hiyo hiyo ya 650 VA. Ukaweka mpya ya wati 650 yenye nembo ya 80 Plus Gold (alama kwamba haipotezi umeme mwingi), na sasa kila umeme ukikatika UPS inapiga mlio mrefu na kompyuta inazima papo hapo. Fundi mmoja kasema pawasaplai ni mbovu, mwingine kasema ununue betri. Usitoe hela kwanza. Nahudumia kompyuta za studio za video na maduka ya stationery hapa Morogoro, na tangu mgao wa mwishoni mwa 2023 nimeuona sana ugonjwa huu. Mara nyingi pawasaplai ni nzima na betri ni nzima, ila pawasaplai na UPS ndizo hazielewani.

Ile ya zamani, yenye kiswichi chekundu cha 115/230 mgongoni, inanyoosha umeme na kujaza kapasita (kifaa kinachotunza chaji) moja kwa moja. Inavuta kwa vipindi vifupi, pale tu volteji inapofika kileleni, yaani karibu volti 325 kwa umeme wetu wa 230. Ukiipima kwa mita ya kuchomeka kwenye soketi unaweza kukuta wati 120 (umeme unaotumika kweli) lakini VA 190 (volti mara ampea zinazovutwa), pawa fakta 0.63, yaani wati gawanya kwa VA. Vifaa vya namna hiyo vikiwa vingi vinachafua gridi, ndiyo maana Ulaya ikaviwekea mipaka kuanzia 2001 kwa vile vinavyozidi wati 75, na watengenezaji wakahamia kwenye Active PFC, yaani saketi ya kurekebisha pawa fakta.

Hii mpya ina koili na transista kabla ya kapasita kubwa. Inapandisha umeme hadi karibu volti 380 au 400 za DC, na IC yake (chipu inayoiongoza) inaangalia umbo la wimbi linaloingia muda wote ili mkondo ufuate umbo hilo hilo. Kwenye umeme wa TANESCO mita inakuonyesha wati 310, VA 320, pawa fakta 0.97. Safi kabisa.

Sasa angalia UPS inaipa nini pawasaplai hiyo. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi la sini, zinatoa wimbi la ngazi. Kwenye boksi wanaliita kwa jina zuri, "simulated sine wave". Umeme unaruka ghafla hadi juu, unakaa hapo kama milisekunde 5, unashuka sifuri, unakaa hapo milisekunde nyingine 5, kisha unaruka upande wa pili. Pawasaplai ya zamani inaridhika, kwa sababu yenyewe ilikuwa inahitaji kilele tu. Ile IC ya PFC ilizoea wimbi linalopanda na kushuka polepole. Hapa inakuta umeme haupo kabisa, halafu upo wote kwa mkupuo.

Na kipigo kikubwa kiko kwenye ile sekunde ya kwanza. Relay ya UPS (swichi yake ya ndani) inachukua milisekunde 4 hadi 10 kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri. Muda huo kompyuta inaishi kwa chaji ya kapasita, na volteji yake inashuka. Umeme wa betri ukiingia, PFC inataka kuijaza kapasita upesi, kwa hiyo inavuta kwa nguvu zake zote. Ni kama mtu aliyebanwa pumzi: ukimwachia haanzi kuvuta hewa taratibu, anahema. UPS ndogo inaona mzigo umezidi, inajilinda kwa kukata. Wewe unasikia "tak", mlio mrefu, kiza. Ndiyo maana inazima hata kama kompyuta yenyewe inakula wati 250 tu.

Halafu kuna hesabu ya VA na wati. Geuza UPS yako usome lebo: 650 VA nyingi ni wati 360 au 390 tu. Watu hujipa moyo kwamba PFC itawaongezea nafasi. Haiongezi kitu hapo. PFC inapunguza VA, lakini wati zinabaki zile zile, na inverta ya UPS ndogo (sehemu inayogeuza umeme wa betri kuwa wa 230) inakwama kwenye wati. Kwa pawa fakta ya 0.97, sahau VA, soma wati peke yake, na acha nafasi ya kutosha juu yake. (Na kwa kuwa mada imeguswa: LUKU ya nyumbani inahesabu uniti za kWh. PFC haikupunguzii bili, na vile vikapasita vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa eti vinapunguza umeme havikusaidii chochote. Wanaolipia KVA ni wateja wakubwa wa T2 na T3, yaani madaraja ya bei ya watumiaji wakubwa.)

Ushauri wangu bila kuzunguka: kwa mashine ya kazi, nunua UPS iliyoandikwa "pure sine wave" yenye wati mara moja na nusu ya unazotumia. Ukienda kwenye ya ngazi lakini kubwa, mfano 1500 VA, mara nyingi inavumilia ule mvuto wa mwanzo, lakini pawasaplai inaunguruma na mimi sipendi kuiacha hivyo siku nzima. Usirudi kwenye pawasaplai ya bei chee isiyo na PFC ili tu UPS inyamaze.

Kama una inverta ya sola, angalia kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawagusi. Nyingi za hybrid (zinazochanganya sola, betri na umeme wa TANESCO) zina mpangilio namba 03 wenye chaguo mbili, APL (kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani) na UPS (kwa kompyuta), na zinatoka kiwandani zikiwa kwenye APL. Hapo kuhama kunachukua hadi milisekunde 20, wakati pawasaplai ya ATX (ya kawaida ya kompyuta ya mezani) imeundwa kushikilia kama milisekunde 16 au 17 tu. Ukiichagua hiyo ya UPS, muda unashuka hadi kama 10, na kompyuta inavuka bila kushtuka. Studio moja hapa walikuwa wameshabadilisha pawasaplai bila mafanikio. Tulibadilisha namba hiyo tu, kompyuta ikaacha kuzima.

Jenereta ndogo ya petroli ni habari nyingine: frikwensi inayumba, UPS inaukataa umeme wake na kuendelea kula betri mpaka iishe huku jenereta inanguruma nje. Kama UPS yako ina sehemu ya kupunguza usikivu wake kwa umeme unaoyumba, upunguze. Isipokuwa nayo, tafuta jenereta ya aina ya inverta.

Kupima kwako: hifadhi kazi zote, washa programu inayokula umeme sana, kisha zima swichi ya soketi ya ukutani. Usichomoe plagi, maana utakata na waya wa athi. Ikizima, chomeka taa na feni badala ya kompyuta, zenye wati zinazokaribiana na zake, urudie. Zikiendelea kuwaka, betri haina kosa, tatizo ni wimbi. Zikizima nazo, yule fundi wa betri alikuwa sahihi. Tupia hapa picha ya lebo ya UPS na ya pawasaplai tuone wati zake.