Paka watano, mashilingi, na miezi mitatu ya kupiga deki

Yule mdogo nilimwokota mwezi wa Mei chini ya kibanda cha mama mboga, hapa South B, amelowa mvua hadi anafanana na soksi iliyosahauliwa kwenye kamba. Nyumbani nilikuwa na wanne tayari: Askari, Bi Mdogo, Chapati na Simsim. Baba Neema alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Huyu sasa ndiye wa mwisho, Mama Neema." Tukamwita Mwisho.

Mwisho alikuwa na kipara kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Ngozi ya hapo ilikuwa ya kijivu, ina magamba kama majivu ya sigara, na manyoya ya pembeni yamekatikakatika. Nikasema ni kovu la vita vya mtaani. Nikampangusa kwa taulo, nikamlaza kwenye kochi na wenzake. Kama una haraka, soma hapo tu uende zako: paka mgeni halali na wenyeji usiku wa kwanza.

Wiki ya tatu Chapati alinyonyoka kidevuni. Simsim naye akatoka doa mguu wa mbele. Halafu Neema, ambaye ana miaka saba, akaninyooshea mkono wake: duara jekundu, kingo zimeinuka, katikati pamepauka. Hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nimelikuta kwenye vichwa vya wenzangu tangu shule ya msingi. Mashilingi.

Wengine huita choa, na Tanzania utasikia mapunye, hasa yale ya kichwani. Waingereza wao waliupa ugonjwa huu jina lenye neno mnyoo, na jina hilo linaponza watu hadi leo: duka la dawa za mifugo nililokimbilia kwanza, kijana wa kaunta aliniuzia dawa ya minyoo. Hakuna mnyoo hapa. Ni kuvu, ndugu wa mbali wa ukungu unaoota kwenye mkate, inayokula keratini, yaani ile protini ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Kwa paka karibu kila mara huwa ni Microsporum canis. Hilo neno canis ni Kilatini, maana yake "ya mbwa", ingawa paka ndio wenyeji wake wakuu. Kumbe hata huko kwenye sayansi mbwa husingiziwa.

Ushauri wa bure ulimiminika. Jirani wa ghorofa ya pili alisema oili chafu ya gari. Mwingine akasema maji ya betri. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumpenda hata paka mmoja, akasema nitafute gunia na usafiri wa kwenda sokoni usiku. Nitawajibu wote hapa kwa sababu nilipokuwa nimechoka nilikaribia kuwasikiliza. Paka hujilamba tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo chochote unachompaka mgongoni hesabu kwamba amekila. Oili chafu na tindikali ni sumu, na hata yale mafuta ya mti-chai yanayouzwa maduka ya vipodozi kama dawa ya asili ya ngozi ni sumu kwa paka. Kuhusu gunia: ukimtupa paka mwenye mashilingi, umepeleka ugonjwa kwa paka wote wa soko hilo na kwa watoto wanaowashika, na nyumba yako bado imejaa manyoya yake. Mbegu za kuvu hii zinaweza kukaa hai kwenye manyoya yaliyodondoka kwa zaidi ya mwaka. Umemfukuza paka, ugonjwa umebaki na wewe.

Basi nikawatia watano kwenye viondo na maboksi, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Nasema daktari aliyesajiliwa, si kijana wa kaunta. Alizima taa ya chumba, akawasha nyingine ndogo ya miali ya urujuanimno, akaileta nyuma ya sikio la Mwisho. Manyoya yakang'aa kijani cha tufaha bichi, unywele mmoja mmoja, kama uzi uliochovywa rangi. Neema alipiga makofi. Mimi tumbo lilinikata.

Taa hiyo ina mipaka yake. Si kila kuvu inang'aa, na marhamu au vumbi la kawaida vinaweza kung'aa vikakudanganya. Kwa hiyo daktari alinituma dukani nikanunue miswaki mitano mipya, ile ya bei rahisi kabisa. Kila paka akapigwa mswaki mwili mzima kwa dakika mbili tatu, kuanzia usoni hadi mkiani, kisha mswaki wake ukatiwa kwenye bahasha yenye jina lake. Maabara huotesha kilichonaswa kwenye mswaki, na inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu.

Majibu yalipokuja ndipo nilipoelewa kwa nini alisisitiza wapimwe wote. Mwisho, Chapati na Simsim wanao. Hao niliwajua. Lakini na Askari pia, Askari ambaye hakuwa na doa hata moja, manyoya yanameta kama kiatu cha polisi! Alikuwa amebeba mbegu tu kwa kulaliana na wenzake. Bi Mdogo peke yake ndiye alikuwa safi, nadhani kwa sababu ya maringo. Hapendi kuguswa na mtu wala paka. Bila miswaki ile ningemweka Askari chumba kimoja na Bi Mdogo na kujipongeza.

Waliougua walipewa dawa ya kumeza, itrakonazoli, wiki moja wanakunywa, wiki moja wanapumzika, mizunguko mitatu. Daktari aligawa dozi kwa uzito wa kila mmoja, mimi nikawa naificha kwenye omena iliyopondwa. Usikate kidonge cha binadamu kwa kukadiria macho. Ile dawa ya zamani ya mashilingi ya watoto, griseofulvini, ni hatari sana kwa paka mwenye mimba, huharibu vitoto tumboni.

Halafu kuoga. Mara mbili kwa wiki, kwa shampuu ya kuua kuvu, na povu lazima likae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza. Dakika 10! Mwenye kuandika maelezo kwenye chupa ile hajawahi kumshika Chapati akiwa amelowa. Nilijifunza kwamba beseni lenye kitambaa chini huwapa mahali pa kukaza kucha, maji yawe ya uvuguvugu, na mtu wa pili awe anashika ngozi ya shingo huku anaongea taratibu. Baba Neema alikuwa anawasimulia matokeo ya mpira. Simsim alitulia kabisa kwenye hadithi za Gor Mahia, na sijui hilo linamaanisha nini.

Lakini dawa na kuoga ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni manyoya yaliyo nyumbani.

Tulikunja zulia siku ile ile, tukalipeleka likafuliwe, na likakaa limekunjwa hadi mwisho. Kochi nilifunika shuka nililobadilisha kila siku. Chumba kidogo chenye cherehani kikawa wodi: hakuna zulia wala pazia zito, kitu cha kupangusika tu. Bi Mdogo akabaki sebuleni na ufalme wake. Asubuhi nilianza kumhudumia yeye, wagonjwa baadaye, kamwe sikugeuza mpangilio huo. Nyuma ya mlango wa wodi kulining'inia dera moja kuukuu. Naingia, navaa, natoka, navua, nanawa mikono kwa sabuni. Mwisho alikuwa bado mtoto, na mtoto wa paka ukimfungia bila mtu atakua mwoga, kwa hiyo kila jioni nilikaa naye nusu saa ndani ya dera lile, anacheza na uzi.

Ufagio mkavu nilipiga marufuku. Unarusha manyoya hewani, yanashuka juu ya kabati, unaanza upya. Kwanza kukusanya manyoya kwa kitambaa kibichi na utepe wa kunata, kisha kuosha sakafu kwa sabuni, ndipo jiki. Watu wengi hukimbilia jiki moja kwa moja, na jiki juu ya uchafu haifanyi kitu. Mililita 100 kwenye ndoo ya lita 10 zinatosha, sakafu ikae imelowa dakika 10, paka na watoto wakiwa nje, dirisha wazi, halafu suuza. Usichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo; inatoa gesi ya kuumiza mapafu. Nguo na mashuka hayahitaji maji ya moto, yanahitaji kufuliwa mara mbili kwa maji mengi, peke yake. Maji mengi! Mtaa wetu maji ya mfereji huja kwa mgao, na Julai ya Nairobi nguo inakaa kwenye kamba siku tatu bado ina unyevu. Nilinunua mitungi mingine minne mwezi huo.

Kuhusu Neema, nilifanya kosa lingine. Duka la dawa la jirani waliniuzia krimu ya mchanganyiko, na ndani yake mna steroidi. Wekundu ulipungua siku tatu, tukafurahi, kisha duara likapanuka na kupoteza umbo. Steroidi hutuliza mwasho huku ikidhoofisha kinga ya ngozi pale pale, kuvu inajilia. Daktari wa binadamu alitubadilishia klotrimazoli tupu, krimu ya kuua kuvu isiyo na steroidi, kupaka hadi nje kidogo ya ukingo, na kuendelea baada ya doa kupotea. Pakapona. Lingekuwa kichwani, krimu peke yake isingefika kwenye mizizi ya nywele. Hapo mtoto huhitaji dawa ya kumeza.

Agosti wote walikuwa wameota manyoya mapya, mazuri kweli. Nikalegea. Nikamwachia Chapati sebuleni siku mbili kabla ya majibu ya mswaki, kwa kuwa alikuwa analia mlangoni na mimi nina roho nyepesi. Majibu yakaja: Chapati bado anayo. Kupona kwa macho hutangulia kupona kwa maabara, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Nikarudi kwenye shuka la kila siku na Bi Mdogo akapigwa mswaki tena, kitu ambacho hajanisamehe. Alikuwa safi. Daktari wetu alitaka majibu mawili mfululizo yasiyo na kuvu kwa kila paka, na ya mwisho tuliyapata katikati ya Septemba. Zulia likatandikwa Jumamosi.

Juzi mtoto wa ghorofa ya pili, wa yule jirani wa oili chafu, alibisha hodi na boksi la viatu. Ndani mna kijipaka cha rangi ya chungwa. Baba Neema hakusema kitu, alikwenda kutafuta dera. Mgeni ana siku ya sita sasa chumba cha cherehani, na mswaki wake uko maabara.