Spika za matanga usiku: usianze na polisi

Dada, unasema jirani yako hapo Migosi, Kisumu, amefiwa, kila jioni kuna mchango wa mazishi, spika hazizimwi hadi usiku wa manane, na wewe una zamu ya alfajiri. Pole. Lakini ukiwaitia wafiwa askari, jina baya litakufuata hata ukihamia mtaa wa Kondele.

Nenda mchana na kilo mbili za sukari. Toa rambirambi kwanza, uandikishe chochote kwenye daftari la mchango. Kisha mtafute mwenyekiti wa kamati ya mazishi (si mama mwenye msiba, tafadhali), umwombe ile spika inayotazama dirisha lako igeuzwe na besi ishushwe ikifika saa nne. Maombi na nyimbo ziendelee. Besi ndiyo hupenya ukuta.

Ingekuwa pati ya kila wikendi, hapo sina huruma. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni, na nje ya nyumba za makazi kiwango ni desibeli 35. Ungeanza na keateka (msimamizi wa nyumba) na mzee wa mtaa, wenye pati wakikaidi uende NEMA, mamlaka ya mazingira.