Zawadi kwa atakayeboresha programu ya kuhifadhi mafaili kwenye karatasi

SWALI: Ninatunza programu ya chanzo huria inayochapa faili kwenye karatasi kama nukta nyeusi, kisha kulirejesha kwa skana. Wengi wanaitumia kuhifadhi funguo za siri za kidijitali. Peke yangu siiwezi tena, ila nina akiba kidogo. Nataka kutangaza zawadi kwa atakayeongeza data inayoingia kwenye karatasi moja ya A4 kwa asilimia 50. Tangazo hilo limekaa sawa?

JIBU: Halijakaa sawa, na bahati nzuri umeuliza kabla ya kulitoa. Ukilipia ujazo, utaletewa ujazo. Mtu atapunguza ukubwa wa nukta, atapunguza baiti za kurekebisha makosa, atachapa kwa printa nzuri ya leza na kuskani dakika hiyohiyo. Faili litarudi salama na itakubidi umlipe, kwa sababu masharti uliyoyaandika ameyatimiza. Hasara itakuja kumkuta mwingine, siku atakapoitoa karatasi kwenye bahasha ikiwa imekunjika na kuingia unyevu.

Tazama msimbo wa QR uliobuniwa na kampuni ya Kijapani ya Denso Wave mwaka 1994. Ule mkubwa kuliko yote hubeba baiti 2,953 ukipangwa kustahimili uharibifu wa asilimia 7 hivi. Ukitaka uhimili asilimia 30, hubaki baiti 1,273 tu. Nafasi ni ileile. Ujazo unaoongeza huku unaukata kwenye ustahimilivu kule. Ndiyo maana mimi nisingetoa hata senti kwa ujazo peke yake.

Programu yako ina pande mbili, upande wa kuchapa na upande wa kusoma, na fedha nyingi ningeziweka upande wa kusoma. Ukiboresha uchapaji, wanaofaidi ni watakaochapa kesho. Ukiboresha usomaji, hata karatasi zilizofungiwa kabatini tangu toleo la kwanza zinapata nafuu bila mtu kuzigusa.

Na nafasi ya kuboresha ipo kubwa kuliko unavyodhani. Nadhani unatumia misimbo ya kurekebisha makosa ya Reed na Solomon, ile waliyoichapisha mwaka 1960, maana programu nyingi za aina hii huitumia. Katika fungu la baiti 255 lenye baiti 32 za ziada, msimbo huo hurekebisha baiti 16 zilizoharibika ikiwa haujui ni zipi. Ukionyeshwa mahali zilipo, unaokoa hadi 32. Sasa programu nyingi huitazama nukta iliyofifia na kukata shauri: nyeusi au nyeupe, basi. Shaka yote hutupwa hapo, wakati ile shaka ndiyo ingeuonyesha msimbo mahali palipoharibika. Atakayeandika kisomaji kinachosema "baiti hii siiamini" anaweza kukaribia kuuongeza uwezo wa kuokoa mara mbili, na wewe hujabadilisha chochote kwenye karatasi. Kazi hiyo ndiyo ningeipa zawadi kubwa. Ya pili ningempa atakayeweza kusoma karatasi iliyojikunja au iliyopigwa picha ya simu kwa pembeni.

Utapimaje? Andaa kipimo kwanza, tangazo lifuate. Chapa kurasa kadhaa, kisha uziharibu kwa mikono yako: kunja, mwagia chai, anika juani, pitisha kwenye mashine ya fotokopi mara mbili. (Kazi hii ina raha yake.) Ziskani zote na uhifadhi alama ya SHA-256 ya kila faili la asili, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika hata baiti moja ikibadilika. Faili lililorejeshwa ama linalingana na alama hiyo ama halilingani. Usikubali "karibu lote limerudi", kwani ufunguo wa siri uliopotea baiti moja hauna kazi. Nusu ya picha hizo za skani ziweke wazi kwa washindani, nusu zifiche hadi siku ya kupima. Ukizitoa zote, utaletewa programu inayozijua picha zako na isiyojua karatasi ya mtu mwingine yeyote.

Sharti moja lisiguswe: kila ukurasa uliowahi kuchapwa na toleo lolote la zamani lazima uendelee kusomeka. Anayetaka kubadilisha mpangilio wa nukta aupe namba mpya ya toleo, namba hiyo ichapwe kwenye ukurasa kwa maandishi yanayosomeka kwa macho, na sehemu ya programu inayosoma mpangilio wa zamani ibaki palepale.

Mengine ni ya utaratibu, lakini ndiyo huvunja urafiki. Andika kwamba kazi itatolewa kwa leseni ileile ya programu, na italipwa ikishaunganishwa kwenye msimbo mkuu wa programu. Kuituma tu hakutoshi. Sema mapema itakuwaje wawili wakileta kazi inayofanana. Mimi huipendelea iliyofika kwanza ikiwa kamili, na aliyechelewa alipwe sehemu ikiwa kipande cha kazi yake kimetumika. Weka tarehe ya mwisho. Fedha ziwe tayari mkononi. Ahadi ya kuchangisha baadaye isiitwe zawadi.

Tenga pia fungu dogo kwa wasioandika programu. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, kwa miaka mingi alimtumia hundi ya dola 2.56 kila aliyemwonyesha kosa kwenye vitabu vyake, na wengi waliiweka kama kumbukumbu badala ya kuipeleka benki. Wewe lipa kidogo kwa yeyote atakayekuletea skani ya ukurasa halisi uliogoma kusomeka, pamoja na faili lake la asili. Mwambie tu achape faili la majaribio: asije akakutumia ufunguo wake wa siri.