Jibu: Wagarifuna ni Waafrika au wenyeji wa Karibi?

Ndugu, umeuliza kama Wagarifuna wa Belize ni Waafrika au wenyeji wa asili wa Karibi. Ni vyote viwili. Damu zilichanganyika kisiwani Saint Vincent, na kwa kuwa waligoma kutawaliwa, Waingereza waliwahamishia Roatán, Honduras, mwaka 1797. Ngozi na ngoma zina Afrika ndani yake, lakini lugha yao ni ya jamii ya Kiarawaki, yaani lugha za wenyeji wa asili! Hilo hunigusa sana.

Na Ubelize wao? Thomas Vincent Ramos, mwanaharakati wa Kigarifuna, alianzisha sherehe ya kuwasili kwao Belize mwaka 1941; tangu 1977, Novemba 19 ni sikukuu ya taifa zima. Ninachohofia ni lugha: hata Dangriga, mji wa Wagarifuna huko Belize, watoto wengi sasa huzungumza Krioli (lugha ya mitaani ya Belize iliyotokana na Kiingereza) na Kiingereza.